Rehani ya Maji: Nani Hulipwa Kwanza?

Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hati fungani zake kwa watu wote, na hati hizo zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fedha iliyotakiwa ilikuwa shilingi bilioni 53.12, muda wa deni miaka 10, na riba asilimia 13.5 kwa mwaka, ikilipwa mara mbili kila mwaka. Fedha ikapatikana, na hata ikazidi kidogo. Hapana shaka jambo hilo lilikuwa la sifa. Wafanyakazi walioweka akiba zao humo hatuwalaumu, bali twawapongeza, maana ni heri shilingi ilazwe katika bomba la maji kuliko kulazwa chini ya godoro.

Lakini tumesikia maneno yakisemwa juu ya hati za namna hiyo, vijiweni na hata katika ofisi za watu wenye elimu, nayo yatuonyesha kwamba jambo lenyewe halijaeleweka. Wapo wasemao, "Hiyo ni mali ya Serikali, na Serikali haifi, kwa hiyo deni litalipwa liwalo na liwe." Wapo wengine wasemao kinyume, ya kwamba siku mamlaka ya maji itakaposhindwa kulipa, wenye hati watakuja na magari kung'oa pampu na mabomba, watu wabaki na ndoo mikononi. Kwa desturi ya hati zinazolipwa kwa mapato, maneno yote mawili si sahihi, na ye yote atakayetegemea mojawapo atakuja kushangaa.

Yafaa ieleweke kwamba Serikali hukopa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ya hati fungani za Hazina ziuzwazo na Benki Kuu. Nyuma ya hati hizo zimesimama kodi zote za nchi. Ikiwa ushuru wa forodha umepungua, kodi ya mapato yaweza kuziba pengo. Namna ya pili ni hati fungani ya mapato. Hapo mkopaji hasemi, "Nitakulipa kwa kila nilicho nacho." Husema, "Nitakulipa kwa fedha itokayo katika kazi hii moja, nayo ikikauka usinifuate kwingine." Kazi hiyo yaweza kuwa maji, umeme, daraja, bandari, kiwanja cha ndege au barabara ya kulipia.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa benki, kwa sababu wanaijua rehani ya minazi. Zipo namna nyingi za rehani hiyo, na wenyeji wenyewe hubishana juu yake; sisi tunaikusudia ile ambayo mwenye shamba hamwuzii mwenye fedha ardhi, wala hampi mnazi aukate, bali humpa nazi azichukue mpaka deni lake liishe. Nazi zikiwa nyingi, deni huisha upesi. Kiangazi kikizidi, mwenye fedha hukaa akangoja mvua. Hawezi kumwendea mwenye shamba kumdai ng'ombe wake, kwa kuwa ng'ombe hawakutajwa siku walipopatana.

Hayo ni mepesi. Ugumu waanza pale anapokuja mkwezi, maana nazi haziteremki zenyewe, na mkwezi naye ana fungu lake. Je, fungu la mkwezi hutolewa kwanza, ndipo mwenye rehani apewe zilizobaki? Au mwenye rehani huchukua nazi zote zilizoanguliwa, kisha mwenye shamba ahangaike kumlipa mkwezi kwa njia nyingine? Swali hili laonekana dogo, lakini ndilo moyo wa habari yote tunayotaka kuisema leo.

Katika hati fungani ya mapato, fedha ya wateja haiingii mfukoni mwa mkopaji ikatumika apendavyo. Huingia katika akaunti iliyowekwa kwa ajili hiyo, chini ya jicho la mdhamini, ambaye mara nyingi ni benki inayowashikia wakopeshaji haki yao. Kutoka hapo hushuka kama maji yanayopita katika ndoo zilizopangwa ngazini. Ndoo ya juu ikijaa ndipo imwagikie ya chini yake. Kwa kawaida ndoo ya kwanza ni gharama za uendeshaji na matunzo, yaani mishahara ya mafundi, umeme wa pampu na dawa ya kusafishia maji. Ya pili ni riba na fungu la mkopo la wenye hati wa daraja la kwanza. Inafuata ndoo ya akiba, ambayo mara nyingi hutakiwa iwe na fedha ya kutosha kulipa deni la kama mwaka mmoja, ili msimu mbaya usilete fedheha. Baada ya hiyo hupata wenye hati wa daraja la pili, kisha mfuko wa matengenezo makubwa, na mabaki ndiyo humrudia mwenye shamba.

Mpango huu, ambamo gharama za kazi hutangulia, ndio huitwa rehani ya mapato halisi. Upo mpango mwingine, wa rehani ya mapato ghafi, ambamo mkopeshaji hukinga ndoo yake juu kabisa, kabla ya mafundi na kabla ya umeme. Kwa macho ya haraka mkopeshaji wa mapato ghafi yu salama zaidi. Sisi hatudhani hivyo. Mkwezi asiyelipwa hapandi, na asipopanda huyo mwenye rehani aliyejiweka mbele atahesabu makuti. Ndiyo maana hata pale ambapo maandishi yametoa rehani ya mapato ghafi, mahakama na wadai wenyewe wamelazimika mara nyingi kuacha kazi iendelee kulipiwa.

Kwa sababu mkopeshaji hana mahali pengine pa kukimbilia, hudai ahadi kali. Ahadi iliyo kubwa kuliko zote ni juu ya bei. Mkopaji huahidi kwamba ataweka bei za maji au umeme kiasi ambacho, baada ya gharama kutolewa, kinachobaki kitazidi malipo ya deni ya mwaka. Kwa mfano kila shilingi 100 ya deni ikabiliwe na shilingi 125 ya mapato halisi. Ahadi nyingine ni juu ya wageni wa foleni. Mkopaji hawezi kesho kuuza hati nyingine zenye haki sawa na zile za kwanza, isipokuwa aonyeshe kwa hesabu kwamba mapato yatatosha kuwalipa wote. Pasipo ahadi hiyo mtu aliyekuwa wa kwanza leo hujikuta mwaka ujao amesimama na wenzake mia wenye nafasi ile ile, na ndoo ni moja.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Ili kujua karatasi inasimama vipi siku ya taabu, hatuna budi kutazama Marekani, kwa kuwa huko ndiko hati hizi zilikozagaa katika miji na wilaya, na ndiko mahakama zilikolazimika kueleza neno kwa neno nani hulipwa kwanza.

Tazama habari ya Jefferson County, wilaya ya jimbo la Alabama yenye mji wa Birmingham. Kwa miaka mingi maji machafu ya wilaya hiyo yalikuwa yakiingia katika mito ya Cahaba na Black Warrior. Wananchi wakaishitaki wilaya, Serikali ya Marekani nayo ikashitaki, na mwaka 1996 wilaya ikakubali mbele ya mahakama kuitengeneza mifereji yake. Kazi ilikuwa ya haki kabisa. Lakini mkopo ulipoanza kumiminika, kazi ya haki ikageuka karamu. Makandarasi wakatoa rushwa, wakubwa wakapokea, na watu wapatao 20 wakaja kutiwa hatiani. Miongoni mwao alikuwamo Larry Langford, aliyekuwa mkuu wa baraza la wilaya, ambaye alitiwa hatiani mwaka 2009 na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 15.

Deni la mifereji likapita dola bilioni 3. Tena sehemu yake kubwa ilikuwa imegeuzwa katika miaka ya 2002 na 2003 kutoka riba isiyobadilika kuwa riba ya kupanda na kushuka, pamoja na mikataba ya kubadilishana riba ambayo madiwani, kwa maoni yetu, hawakuwa na uwezo wa kuipima. Mwaka 2008 makampuni ya bima yaliyokuwa yamezikatia hati hizo bima yakayumba katika msukosuko wa fedha wa dunia, na riba ikaruka. Mwaka 2009 benki ya JPMorgan, iliyokuwa kiini cha mikataba hiyo, ilipatana na wasimamizi wa masoko ya mitaji pasipo kukiri wala kukana kosa. Ikatoa dola milioni 75, na ikaacha kudai dola milioni 647 ilizokuwa ikizidai kwa kuvunjwa kwa mikataba. Hata hivyo mzigo ukabaki mzito, na mwezi wa Novemba 2011 wilaya ikaomba hifadhi ya mahakama ya waliofilisika. Kwa wakati huo hapakuwa na serikali ya mtaa ya Marekani iliyowahi kufilisika kwa deni kubwa kama lile.

Sasa tazama jinsi rehani ilivyofanya kazi. Mwaka ule ule wilaya ilikuwa na janga jingine lisilohusiana na mifereji, maana mahakama kuu ya jimbo ilikuwa imeifuta kodi ya kazi iliyokuwa ikijaza mfuko mkuu. Wafanyakazi mamia wakapelekwa nyumbani, na mwishoni mwa mwaka 2012 hospitali ya wilaya ya watu maskini, Cooper Green, ikaacha kulaza wagonjwa. Wenye hati za mifereji hawakuweza kuigusa hata senti ya mfuko mkuu, kwa sababu haikuwa rehani yao. Kadhalika fedha za mifereji hazikuweza kuchotwa kwa hiari ya madiwani zikawalipe wauguzi. Ukuta ni ukuta kwa pande zote mbili, nalo ni jambo ambalo watu husahau wanaposifu hati hizi kwamba "hazigusi kodi za wananchi." Ni kweli hazigusi kodi. Lakini nazo hufunga kisima ambacho pengine mji ungekinywea siku ya kiu.

Sheria ya Marekani ya kufilisika, ilivyorekebishwa mwaka 1988, inasema kwamba rehani iliyo juu ya mapato maalum huendelea kuyashika mapato hayo hata baada ya mkopaji kufilisika, lakini gharama za lazima za kuiendesha kazi hutangulia. Mtu angedhani hapo ugomvi umekwisha. Kumbe ndipo ulipoanza. Gharama za lazima ni zipi? Wilaya ilitaka kutenga kila mwezi fedha kwa ajili ya uchakavu wa mitambo, kwa ajili ya matengenezo makubwa ya miaka ijayo, na kwa ajili ya mawakili, ndipo iwape wadai kilichobaki. Mdhamini wa wadai akakataa. Mwaka 2012 Jaji Thomas Bennett akaamua kwamba, kwa maneno ya mkataba wenyewe, mafungu hayo hayakuwa gharama za uendeshaji. Mshahara wa fundi, ndiyo. Akiba ya bomba litakalooza baada ya miaka kumi, hapana, hiyo ingoje baada ya wadai.

Twawaomba wasomaji waurudie mstari huo. Neno moja lililoandikwa na wakili miaka mingi kabla, wakati kila mtu anacheka na kupiga picha, ndilo lililoamua kama bomba bovu litangulie au riba itangulie.

Mwisho wa habari ile ulikuwa Desemba 2013. Wadai waliokuwa wakidai zaidi ya dola bilioni 3 wakakubali kama bilioni 1.8, na JPMorgan ikabeba sehemu kubwa ya hasara. Fedha ya kuwalipa ilipatikana kwa kuuza hati mpya za miaka 40. Na nani atazilipa hizo? Ni watu wa Birmingham wenye vyoo, ambao ada zao zilikuwa zimekwisha kupanda zaidi ya mara tatu tangu miaka ya 1990, nao wakapangiwa kupandishiwa tena karibu asilimia 7.4 kila mwaka kwa miaka minne, kisha karibu asilimia 3.5 kila mwaka. Rushwa walikula wengine.

Ipo hatari nyingine, ya kununua ahadi ya mtu asiye na mamlaka ya kuahidi. Katika jimbo la Washington, magharibi ya Marekani, shirika la umeme la umma lilijitosa katika miaka ya 1970 kujenga mitambo mitano ya nyuklia kwa pamoja. Kwa mtambo wa 4 na wa 5, mashirika madogo 88 ya umeme yaliahidi kulipa deni hata kama mitambo haitatoa umeme kamwe. Gharama zikapanda, ujenzi ukasimamishwa, na mwaka 1983 Mahakama Kuu ya jimbo ikasema mashirika hayo hayakuwa na uwezo kisheria wa kuahidi jambo kama hilo. Hati za dola bilioni 2.25 zikawa karatasi, na baada ya miaka mitano ya mashitaka wenye nazo, ambao maelfu yao walikuwa watu wa akiba ndogo, wakapata sehemu tu ya mali yao. Lakini mtambo wa 1 na wa 3, ambayo nayo haikumalizika wala kutoa umeme, wenye hati zake waliendelea kulipwa, kwa kuwa nyuma yao alisimama Bonneville, wakala wa Serikali ya Marekani auzaye umeme wa mabwawa. Shirika lilikuwa lile lile, na jina juu ya hati lile lile. Aliyesoma jina peke yake hakusoma cho chote.

Na kisiwa cha Puerto Rico kimetufundisha uzito wa daraja. Mwaka 2006 kiliundwa chombo kilichopewa sehemu ya kodi ya mauzo ili kikope kwa rehani ya kodi hiyo, na wenye hati wakagawanywa madaraja mawili. Deni la kisiwa liliposhindikana na kufikishwa mahakamani, suluhu ya mwaka 2019 iliwapa wa daraja la kwanza senti 93 katika kila dola, na wa daraja la pili senti 56. Yaani watu wawili waliokopesha chombo kimoja, kwa rehani ya kodi ile ile, mmoja aliondoka karibu mzima na mwingine akaacha karibu nusu ya mali yake mlangoni. Wa daraja la pili alikuwa amepewa riba kubwa zaidi kidogo tangu mwanzo. Riba hiyo ndiyo bei ya kukaa nyuma, na kwa hiyo mfanyakazi akionyeshwa hati mbili na mojawapo inang'aa kwa riba, aulize kwanza hiyo inayong'aa imekaa daraja gani.

Kisiwa hicho hicho kina shirika la umeme lililofilisika mwezi wa Julai 2017, likiwa na deni la kama dola bilioni 9, na miezi miwili baadaye tufani ya Maria ikaangusha nguzo nyingi sana. Mkataba wake wa mkopo ni wa mwaka 1974. Mahakama zimeusoma zikatofautiana. Mwaka 2023 Jaji Laura Taylor Swain alisema rehani ya wadai inashika tu fedha iliyokwisha kuingizwa katika mifuko ya kulipia deni, ambayo ilikuwa kidogo mno. Mwaka 2024 mahakama ya rufani ikasema sivyo, rehani inashika mapato halisi ya shirika, ya zamani na yajayo. Kati ya maelezo hayo mawili pana tofauti ya mabilioni ya dola. Maandishi ni yale yale, na yalikuwa yamekaa katika makabati kwa karibu nusu karne pasipo mtu kuyagombania, kwa sababu fedha ilikuwa ikipatikana. Mikataba ya deni ina tabia hiyo. Wakati wa neema haisomwi.

Msomaji aliye mfanyakazi atauliza yeye yu wapi katika foleni hii. Yumo mahali zaidi ya pamoja. Akiwa fundi wa mamlaka yenyewe, mshahara wake wa mwezi kwa kawaida uko katika ndoo ya kwanza, na hapo yu mbele ya tajiri mwenye hati. Lakini malimbikizo yake ya zamani na kiinua mgongo chake vyaweza visihesabiwe humo, na chama chake cha wafanyakazi kifanye bidii kulisoma fungu hilo. Mji wa Detroit ulipofilisika mwezi wa Julai 2013, hati za mapato ya maji zililipwa, kwa kuwa mapato ya maji yalikuwa rehani yake. Wenye hati za kodi, ambazo watu walizidhani kuwa ndizo zenye nguvu, walipata senti 74 katika kila dola kwa zile bora zaidi. Na wastaafu wa kawaida wa mji, watu waliozoa taka na kutengeneza barabara, wakakatwa asilimia 4.5 ya pensheni zao na kunyimwa nyongeza ya kupanda kwa bei. Mwaka 2014 nyumba maelfu za mji huo zikakatiwa maji kwa kudaiwa ankara. Haki ya mwenye hati ilitimizwa barabara. Sisi hatusemi haki hiyo ilikuwa batili, maana aliyekopesha kwa rehani astahili rehani yake. Twasema tu kwamba foleni ina wa mwisho, na wa mwisho ana watoto.

Tena mfanyakazi ni mkopeshaji pia, ajue asijue. Mifuko ya hifadhi ya jamii hununua hati fungani, na fedha ya mifuko hiyo ni makato yake. Kwa hiyo huyo anayelalamika bei ya maji imepanda, na huyo anayengoja riba ilipwe ili pensheni yake iwepo, mara nyingi ni mtu mmoja mwenye kadi mbili. Asiambiwe habari ya kadi moja akafichwa ya pili.

Tuirudie sasa nchi yetu. Hapa pana jambo ambalo halina budi kusemwa wazi. Ahadi kuu ya hati ya mapato ni ahadi ya bei, lakini bei ya maji katika Tanzania haiamuliwi na mamlaka ya maji peke yake. Huidhinishwa na EWURA. Sisi tunaona hilo ni jema, maana mwananchi apate wa kumtetea. Hata hivyo lazima ifahamike kwamba mamlaka inayoahidi kupandisha bei pindi mapato yakipungua inaahidi jambo lenye kuhitaji ridhaa ya mwingine. Kama EWURA itakataa, mwenye hati ataumia. Kama itakubali kila mara kwa sababu ya hofu ya wenye hati, mama mwenye bomba moja uani ataumia. Afadhali jambo hili lizungumzwe hadharani kabla ya siku hiyo.

Jambo la pili ni ankara za taasisi za Serikali. Kila mwenye kuzifahamu mamlaka zetu za maji anajua kwamba miongoni mwa wadaiwa wake sugu wamo majirani wenye bendera mlangoni. Zamani uzembe huo ulikuwa hasara ya mamlaka tu. Maji yakishawekwa rehani, taasisi isiyolipa ankara yake inachota katika ndoo ya mfanyakazi aliyenunua hati, na baadaye mwananchi alipaye kwa uaminifu ndiye atapandishiwa bei ili pengo lizibwe. Hatuoni sababu ya raia kukatiwa maji kwa ankara ya mwezi mmoja huku ofisi ikidaiwa ya mwaka mzima.

Majirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2025 walitoa shilingi 7 katika kila lita ya mafuta, zilizo sehemu ya ushuru wa matengenezo ya barabara, ziwe rehani ya mkopo wa kulipa makandarasi waliokuwa wakidai malimbikizo, kiasi cha shilingi za Kenya bilioni 175. Makandarasi walikuwa na haki ya kulipwa, na wengi walikuwa wamekaribia kufa kwa kungoja. Lakini shilingi 7 hizo zilizokwisha kuahidiwa haziwezi tena kufukia shimo jipya la barabara. Ni nazi za misimu ijayo, zimeliwa katika kulipa ukwezi wa misimu iliyopita.

Hatusemi mamlaka zetu zisikope. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, lakini mji ambao watoto wake wanaugua kipindupindu kwa kukosa maji safi umekwisha kuwa matangani hata pasipo kukopa. Tunaloomba ni dogo. Kila mamlaka itakayouza hati za mapato iandike kwa Kiswahili, katika ukurasa mmoja, fedha ya ankara inashuka ndoo gani kwanza na ndoo gani baadaye. Ni gharama zipi zinazotangulia, na kama akiba ya mabomba mapya imo au haimo. Wenye hati ni wa daraja gani, na kama wengine waweza kuongezwa sawa nao. Serikali imeahidi nini, na kama haikuahidi cho chote isemwe hivyo. Ukurasa huo ubandikwe pale penye dirisha la kulipia ankara. Na kila nusu mwaka riba inapolipwa, chini yake iongezwe kiasi kilichomo katika mfuko wa akiba siku hiyo, na majina ya taasisi za Serikali ambazo hazijalipa maji yao.